Kitanda cha Sita

Saa moja kasorobo, Kaliua.
Treni ya Kigoma imepita, imechelewa kama kawaida,
imetuachia harufu ya migebuka dirishani
na chupa za dripu zikitikisika kidogo kwenye vyuma vyake.

Kalunde anaingia na viatu mkononi,
tope la barabara limemfika vifundoni.
Haniulizi nimeamkaje. Nani alilala?
Anauliza: wameamkaje?

Tunaanzia mlangoni, kitanda hadi kitanda,
kama watu wanaokagua mizinga alfajiri,
sikio kwenye gome,
upi una nyuki, upi umehamwa.

Cha kwanza, Shija, miaka minne.
Degedege mara moja, saa tano usiku.
Joto thelathini na nane nukta mbili, linashuka.
Mama yake hajafumba jicho.
Ukimpa mtoto dawa, mpe mama kiti.

Cha pili, Maganga. Kifua,
na miaka thelathini ya moshi wa bani la tumbaku.
Anautoa mpira puani akidhani hatumwoni.
Tunamwona.

Cha tatu, Nyamizi, amejifungua saa nane kamili,
binti, kilo mbili na gramu mia tisa.
Mfuko wa uzazi umekaza, nimeubonyeza mwenyewe.
Jina bado: liko njiani, babu analileta kwa baiskeli.

Cha nne.

Cha nne ni shuka safi.
Kalunde anazitazama kona nilivyozikunja,
anainyoosha moja ambayo haikuwa na kosa.
Saa tisa na dakika ishirini, nasema. Nimeandika.
Ndugu zake wako nje kwenye benchi,
wamepata gari la mkaa lililokubali.

Cha tano, sindano ya saa mbili, usiisahau,
ndiyo ya mwisho kwenye boksi.
Bohari wamesema Jumatano.
Hawakusema Jumatano ipi.

Cha sita, Bi Milembe. Sukari.
Kidonda cha mguu kimesafishwa, kimefungwa.
Anachanganyikiwa kidogo, nasema,
kwa sababu ndivyo alivyoandika wa zamu ya jana,
na wa juzi,
nami nimelipokea neno hilo kama lilivyo, nalipitisha.

Daftari. Kalamu yetu ni moja,
imefungwa mezani kwa uzi wa kushonea watu.
Naandika: nimekabidhi.
Anaandika: nimepokea.
Basi, kwa wino, mimi si wa mtu tena.

Ukitua gunia, bega hujua.
Huu mzigo sijui huwa unakaa wapi,
maana nimeutua na bado naenda nao,
napita kwa muuza maandazi, napita mashine ya kusaga,
mpaka pale reli ya Mpanda inapoachana na ya Kigoma,
na hapo, mguu mmoja ukiwa juu ya chuma,
nakumbuka kiti.

Kiti cha upande wa kushoto kilivunjika mguu saa kumi.
Nikahamia kulia kumpima sukari,
na Bi Milembe akanijibu kila kitu.
Akanihesabia wajukuu kumi na mmoja,
akarudi nyuma kumwongeza aliyekwenda Urambo,
akaniambia mkono wangu wa baridi.
Hajachanganyikiwa.
Sikio la kushoto halisikii,
nasi siku tatu nzima tumemsemesha ukuta.

Simu haina chaji. Narudi,
nusu mbio, nusu aibu,
sare imeshakuwa kanga kiunoni.

Namkuta Kalunde ameinama upande wa kushoto,
sauti imeshapanda:
BIBI! UMEAMKAJE?

Kulia, nasema toka mlangoni.
Hapo hasikii. Zunguka.

Kalunde anazunguka kitanda. Anapiga magoti.
Kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani:
Bibi, umeamkaje?

Sijalala, anasema Bi Milembe,
kisha ananitazama mimi, kanga yangu, vumbi langu.
Na huyo naye, mbona haendi kwao?